Shingo upande: kisu kilitangulia, kliniki ikafuata

Kwa Kiswahili, mtu akikubali jambo bila kupenda tunasema amekubali shingo upande. Huo ni msemo wa watu wazima wenye hiari yao. Leo tuwazungumzie wale ambao shingo zao zimekaa upande na hakuna aliyewauliza kitu: watoto wachanga.

Hebu jiweke kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, tuseme Bunda mjini, asubuhi jua halijakaza. Akina mama wamekaa na kadi mkononi, mzani unaning'inia, nesi anaita majina. Pembeni yako kuna mtoto wa wiki 6. Kichwa chake kimelalia bega la kulia, kidevu kinatazama kushoto. Ukimwita kutoka kulia anageuza macho, lakini shingo haifuati. Bibi yake anasema, "Ni mazoea tu huyo, kapenda kulala hivyo." Jirani anasema mkunga alimvuta. Shangazi anasema mama hajui kumlaza. Mama mwenyewe kimya. Mtoto anapimwa, uzito mzuri, anachomwa sindano yake, anafungwa mgongoni, wanaondoka.

Mtoto huyu ni wa mfano, lakini mazungumzo ya namna hiyo utayasikia popote penye mtoto mchanga na ndugu wengi. Na katika kuondoka kule kuna jambo kubwa lililopita bila kuonekana. Ndilo ninalotaka tulifuatilie kupitia historia: katika karne zote ambazo watu wamehangaika na shingo iliyopinda, kilichobadilisha zaidi matokeo ni umri ambao mtoto anaonwa, kuliko hata ukali wa kisu.

Kwanza, tushike shingo zetu

Weka kidole nyuma ya sikio lako la kulia, halafu geuza uso kushoto. Utahisi kamba nene inayoshuka kutoka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio hadi chini, pale kifua na mtulinga vinapokutana. Huo ni msuli ambao madaktari huuita sternokleidomastoidi. Jina refu, kazi rahisi: msuli wa kulia unalaza kichwa kulia na wakati huohuo unageuza uso kushoto. Wa kushoto unafanya kinyume chake.

Sasa fikiria msuli mmoja umekuwa mfupi na mgumu. Kichwa kitalalia upande wa msuli huo na kidevu kitatazama upande wa pili, mchana na usiku. Hali hiyo kitaalamu huitwa tortikolisi, neno lililotokana na Kilatini lenye maana ya shingo iliyosokotwa. Ile anayokuja nayo mtoto mchanga kwa sababu ya msuli ndiyo inayopatikana zaidi. Makadirio yaliyozoeleka vitabuni ni watoto 3 hadi 20 kwa kila 1,000 wanaozaliwa.

Baadhi yao huota uvimbe mgumu katikati ya msuli huo, kama kokwa chini ya ngozi. Kwa kawaida hauonekani siku ya kuzaliwa. Hujitokeza wiki ya 2 au ya 3, hukua kwa muda, kisha hunywea wenyewe, na mara nyingi mwezi wa 4 hadi wa 8 unakuwa umeshatoweka. Kaa na jambo hilo kichwani, kwa sababu lina mtego ndani yake. Tutaurudia.

Karne za kisu

Shingo za upande zimeonekana tangu zamani. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia kwamba Alexander Mkuu alikuwa na shingo iliyoinama kidogo kushoto, na kwamba mchongaji wake Lysippus alijua kuionyesha vizuri kwenye sanamu. Baadaye baadhi ya waliomrithi wakawa wanaiga pozi hilo. Yaani kasoro ya mfalme ikageuka mtindo! Madaktari wa siku hizi hawajakubaliana chanzo chake kilikuwa nini; wapo wanaodhani tatizo lilikuwa kwenye macho.

Kwa watoto wa watu wa kawaida haikuwa mtindo. Mwaka 1641, Nicolaes Tulp wa Amsterdam, yuleyule aliyechorwa na Rembrandt mwaka 1632 akifundisha anatomia kwenye maiti, alichapisha kitabu cha visa alivyovishuhudia. Kimojawapo ni cha mtoto mwenye shingo iliyopinda aliyekatwa msuli ili kichwa kinyooke. Jaribu kufikiri: mwaka 1641 hakuna dawa ya usingizi, na hakuna anayejua kuwa vidudu ndivyo vinavyoozesha kidonda.

Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1822, Guillaume Dupuytren wa Paris alipunguza hatari hiyo kwa ujanja. Badala ya kufungua shingo nzima, alipitisha kisu chembamba kwenye tundu dogo na kuukata msuli chini ya ngozi. Kidonda kidogo, usaha mchache. Ilikuwa miaka 100 kamili kabla ya Mwalimu Nyerere kuzaliwa Butiama. Dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na mwaka 1867 Joseph Lister akachapisha njia yake ya kuua vidudu kwenye vidonda. Hapo madaktari wakapata ujasiri wa kufungua shingo na kuona wanachokata. Mwaka 1895 Johann von Mikulicz alikuwa ameshafika mbali zaidi: akapendekeza kuuondoa sehemu kubwa ya msuli wenyewe.

Ukiisoma historia hii haraka, utaona maendeleo matupu: kisu butu, kisu chembamba, kisu safi, kisu jasiri. Lakini jiulize kitu kimoja. Hawa wagonjwa walikuwa na umri gani? Wengi walikuwa watoto wakubwa, wameshakua na shingo ile. Uso ulikuwa umekua upande mmoja kuliko mwingine, na macho hayakukaa kwenye mstari mmoja. Daktari wa upasuaji hakuwa akimwona mtoto wa wiki 3, na wala hakukuwa na sababu ya mama kumpeleka huko. Alimwona mtoto pale msuli ulipokuwa umeshageuka kamba. Kwa kamba, kweli kilichobaki ni kisu.

Nani alaumiwe?

Kabla hatujafika kwa waliogundua njia nyingine, tumalize ile kesi ya kwenye benchi: je, ni mkunga? Ni mama?

Mwaka 1838, Georg Friedrich Louis Stromeyer wa Hannover alitoa maelezo yaliyotawala kwa muda mrefu. Alisema wakati wa kuzaliwa msuli huvutwa ukachanika, damu ikavujia ndani, halafu pakawa na kovu. Maelezo yanaingia akilini, ila yana gharama yake: kama msuli ulichanika, basi kuna aliyeuchana. Lawama ikatua kwenye mikono ya mkunga.

Shida ni kwamba ushahidi haukukaa sawa na maelezo hayo. Wapo watoto waliozaliwa kwa upasuaji wakiwa na tatizo lilelile. Na uvimbe ulipochunguzwa, kilichokutwa kwa kawaida ni tishu ya kovu, si dimbwi la damu. Mwaka 1922, Barney Brooks wa Marekani alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba msuli ukizuiwa kurudisha damu kupitia vena, nyuzi zake hufa na kovu huchukua nafasi. Mwaka 1993 timu nyingine ya Marekani ilichunguza picha za MRI za watoto na shingo za maiti, ikapendekeza kuwa kichwa kikikaa kimekunjwa upande kwa muda mrefu, kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, msuli hubanwa ndani ya ala yake na kukosa damu ya kutosha. Hiyo inaeleza kwa nini tatizo huonekana zaidi kwa watoto waliotanguliza makalio, wa uzazi wa kwanza, na wale waliozaliwa kwa shida: nafasi tumboni ilikuwa finyu. Inawezekana hata uzazi mgumu wakati mwingine ni matokeo ya mtoto aliyekaa vibaya, wala siyo chanzo.

Hakuna anayedai kwamba swali limefungwa. Lakini kwa mama wa Bunda jibu linatosha: hukumpinda mtoto kwa kumlaza wala kumbeba. Na hili si suala la kumfariji tu. Mama anayelaumiwa huficha. Anamfunika mtoto shingo kwa kitenge, anakwepa maswali, na wiki zinakwenda. Katika tatizo hili, wiki ndizo dawa.

Mzani uliomleta mtoto mapema

Sasa tuje kwenye badiliko ambalo halina jina la daktari bingwa wa upasuaji. Miaka ya 1950, daktari wa watoto Mwingereza David Morley alikuwa akifanya kazi magharibi mwa Nigeria. Badala ya kusubiri watoto waje wakiwa mahututi, aliwaita waje wakiwa wazima: wapimwe, wachanjwe, waonwe mara kwa mara. Akatengeneza kadi yenye mchoro wa ukuaji, na kadi hiyo akaiacha kwa mama badala ya kuifungia kabatini hospitali. Ile kadi unayoijua wewe, iliyokunjwakunjwa kwenye mkoba wa mama, ni mjukuu wa kadi hiyo.

Wazo hilo lilipata udongo mzuri Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili afya vijijini; inakadiriwa watu kama milioni 2 walishiriki. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto, na mwaka 1975 mpango wa taifa wa chanjo. Zahanati zikasogea vijijini. Hakuna aliyekuwa anawazia shingo. Walikuwa wanawazia surua, polio, kifaduro na utapiamlo. Lakini kwa kufanya hivyo walitengeneza kitu ambacho Tulp, Dupuytren na Mikulicz hawakuwahi kuwa nacho: miadi ya lazima na mtoto mchanga, kila mtoto, awe mgonjwa au mzima.

Angalia ratiba ya chanjo ya Tanzania. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baada ya hapo chanjo ya surua na rubela humsubiri mwezi wa 9 na wa 18. Sasa ilinganishe na ule uvimbe tuliousema. Hutokea wiki ya 2 au ya 3, kwa hiyo wiki ya 6 upo, unashikika kwa kidole. Wiki ya 10 upo. Wiki ya 14 aghalabu bado upo. Mwezi wa 9 umekwisha, na huu ndio mtego: familia inaona uvimbe umepotea, inashukuru Mungu, inasema kapona. Kumbe uvimbe umeondoka na kuacha msuli mfupi. Ndiyo maana mtoto yuleyule anarudi akiwa na miaka 5, yuko chekechea, kichwa bado kiko begani.

Wiki chache zina thamani gani?

Hapa tuache hekaya, tuhesabu. Mwaka 1959 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliripoti kwamba watoto wachanga wengi wenye tatizo hili hunyooka kwa mazoezi tu, bila kisu. Mwaka 1982 ripoti nyingine ya Marekani ikaonyesha upande wa pili wa sarafu: mazoezi yakianza baada ya mtoto kutimiza mwaka 1, mara nyingi hayafui dafu.

Mwaka 2001 ukatoka utafiti mkubwa wa Hong Kong wa watoto 821, wote chini ya mwaka 1, walionyooshwa msuli na wataalamu wa fiziotherapia. Waligawanywa makundi matatu. Waliokuwa na mkao wa upande tu, bila msuli kukaza wala uvimbe, hakuna aliyehitaji upasuaji. Waliokuwa na msuli uliokaza bila uvimbe, walioishia kwenye kisu walikuwa asilimia 3. Wenye uvimbe, asilimia 8. Soma kwa kuangalia upande mwingine: hata katika kundi baya zaidi, zaidi ya 9 kati ya 10 hawakukatwa.

Na mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani wa mwaka 2013 ulitoa hesabu ya muda. Tiba ikianza kabla ya mwezi 1, asilimia 98 ya watoto hupata shingo ya kawaida ndani ya takribani mwezi mmoja na nusu. Ikianza baada ya hapo, inaweza kuchukua kama miezi 6. Ikianza baada ya miezi 6, ni miezi 9 au 10, na wengine hawafiki. Mazoezi ni yaleyale. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni kalenda.

Ufanye nini, basi?

Ukimwona mtoto wa wiki chache ambaye kila mara kichwa kiko upande uleule, mfanyie jaribio dogo. Msimamie upande asioupenda, mwite, au tikisa ufunguo. Akigeuza macho bila shingo, au akilia ukimgeuza taratibu, mpeleke zahanati au kituo cha afya wiki hiyohiyo, na useme wazi: "Naomba mumwangalie shingo." Mzani hauoni shingo na sindano haiulizi, kwa hiyo useme wewe. Omba wamwangalie na nyonga, kwa sababu baadhi ya watoto wenye shingo hii huwa na nyonga isiyokaa vizuri. Kichwa pia huweza kuwa bapa upande anaoulalia.

Mazoezi ya kunyoosha msuli lazima ufundishwe na mtaalamu, uyafanye mbele yake, ndipo uende nayo nyumbani. Usimvute. Usimpeleke kukandwa kwa nguvu na mtu asiyejua kilichomo ndani ya shingo ile. Ila kuna mambo ambayo hayahitaji nguvu kabisa: unaponyonyesha na kumchezea, kaa upande asioupenda ili ageuke mwenyewe; kitandani, mlaze ili mlango au mwanga uwe upande huo; akiwa macho na wewe upo, mlaze kifudifudi kwenye mkeka mara kadhaa kwa siku ili ainue kichwa. Usiku, mlaze chali. Ukimfunga mgongoni, shavu lake lisiegemee upande uleule siku zote, na pua na mdomo viwe wazi.

Kuna shingo ambazo hazitokani na msuli huu, na hizo hazitaki mazoezi kwanza. Mtoto aliyekuwa mzima kisha shingo ikapinda ghafla, mwenye homa, anayetapika au kulegea, asiyeinua mkono mmoja, mwenye makengeza, au ambaye shingo imepinda lakini msuli ni laini kabisa: huyo anahitaji daktari haraka. Inaweza kuwa maambukizi, macho, neva, au mifupa yenyewe ya shingo iliyoungana, kama walivyoeleza Maurice Klippel na André Feil wa Paris mwaka 1912. Ndiyo sababu nyingine ya kutoanza kwa mkandaji.

Barabara ya kutoka Butiama

Kuna ambaye atasema: haya yote ni maneno mazuri, lakini mtaalamu wa fiziotherapia kijijini Butiama yuko wapi? Swali la haki kabisa. Wataalamu hao hawakai kwenye zahanati. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, hospitali kubwa zilizofunguliwa mwaka 1971, ziko mbali. Bugando, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa, ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma ukipitia Bunda. Musoma yenyewe sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, jengo lililoanzwa zamani na kusimama miaka mingi kabla ya kupokea wagonjwa. Watu wa Mara wanajua kusubiri ni nini.

Lakini angalia kazi inavyogawanyika. Upasuaji unahitaji chumba, dawa ya usingizi, bingwa, na familia kulala Mwanza wiki nzima. Mazoezi yanahitaji mtaalamu wa kumfundisha mama na kumfuatilia kila baada ya muda, na mikono ya mama kila siku. Kumgundua mtoto kunahitaji vidole viwili vya nesi kwenye shingo, nusu dakika, wiki ya 6. Hatua hiyo ya bei rahisi kuliko zote ndiyo inayoamua kama zile za gharama zitahitajika. Na hiyo haiko Mwanza wala Moshi. Iko palepale kwenye benchi ulipokuwa umekaa.

Kwa hiyo wewe unayesomea unesi, utabibu, au hata fizikia, ukimsindikiza dada au shemeji yako kliniki Jumatatu, usiishie kusoma uzito kwenye kadi. Mwite mtoto kutoka kulia. Kisha mwite kutoka kushoto. Asipogeuka, msiondoke kabla nesi hajamshika shingo.